Nani Atamwambia Baba Asimame

Jumatatu, 3 Februari

Basi la kwanza lilichelewa. La pili likaniacha nalitazama. Nimefika kazini Thornhill vidole havina habari kwa baridi, na Mzee Cormac ameshakaa kwenye kiti chake, ananiuliza tuliishia wapi. Si habari za asubuhi. Si pole na theluji. Tuliishia wapi.

Kazi yangu kwake ni kumwogesha, kumvisha, kumpa dawa na uji, kumchua magoti. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba nitasomeshwa historia ya Ayalandi. Lakini macho yake hayasomi tena, na ana kitabu kinene kama tofali. Namsomea kurasa tano, halafu ananieleza kurasa hizo hizo tano kwa saa nzima.

Kitabu ni cha bwana mmoja mkubwa wa kaskazini mwa nchi yao, miaka mia nne na zaidi iliyopita, aliyewaasi Waingereza. Jina lake halikai mdomoni mwangu. Nikijaribu kulitamka, Mzee ananisahihisha mpaka uji unapoa. Humu nitamwita Bwana, yaishe.

Leo Bwana alikuwa bado rafiki wa Waingereza. Wamemlea, wamempa cheo. Mimi najua atageuka. Mzee Cormac anajua atageuka. Hata paka anajua. Asubuhi nzima tumemngoja ageuke.

Kurudi nyumbani Scarborough, lifti mbovu. Ghorofa ya tisa kwa miguu.

Jumatano, 5 Februari

Kosa langu mwenyewe. Juzi nikimpakulia Baba maharage nilinung'unika habari za Mzee Cormac na Bwana wake mwasi. Baba akaweka kijiko chini. Nikisimulia mambo yangu mimi, kijiko hakiwekwi chini.

Leo sijavua hata buti: "Ule mwami wa Bazungu alifika wapi?" Mwami kwetu ni chifu mkuu.

Sasa nina wazee wawili. Asubuhi namsomea mmoja, jioni namsimulia mwingine. Hawajawahi kuonana na wameanza kutumiana maneno. Baba anasema Bwana angevunja madaraja mapema. Mzee Cormac anasema mwambie baba yako yalivunjwa. Baba anasema basi yalivunjwa vibaya. Nimekuwa redio, na redio haiulizwi kama imechoka.

Ijumaa, 7 Februari

Najua kwa nini Baba anampenda Bwana. Hilo halihitaji kitabu.

Baba naye alikuwa na vilima vyake kule Kongo, mashariki, juu ya ziwa. Chifu mdogo, chini ya kaka yake, Baba Mkubwa, ambaye ndiye alikuwa mwami. Baba Mkubwa akatia saini karatasi, malisho ya watu yakaenda kwa wachimbaji. Baba akakataa. Akakusanya watu, wakaziba barabara kwa magogo wiki sita. Wakaja askari. Nyumba yetu iliungua, na za majirani waliotufuata zikaungua. Mama alikuwa ameshazikwa, ashukuriwe Mungu, hakuona. Tukavuka ziwa. Nimemalizia shule Kigoma, kambini, ndiyo maana naandika Kiswahili hiki ambacho Baba anakicheka. Kisha Kanada. Miaka kumi na tisa hajasema neno na kaka yake.

Hukumu ya Baba Mkubwa ilikuwa fupi. Baba asikanyage kwetu, wala asizikwe kwetu, mpaka apige magoti.

Na magoti ya kwetu hayamalizwi na mtu mmoja. Mkosaji anapiga magoti, anapiga makofi matatu, anainamisha kichwa hadi chini. Halafu anangoja. Yule aliyekosewa ndiye amshike kiwiko na kumwambia "Simama." Asipoambiwa, haketi kwenye kiti. Anabaki chini. Nikiwa mdogo niliona watu wakibaki kwenye mkeka mchana kutwa, wanaletewa chakula pale pale.

Baba ana miaka sabini na minane na moyo unaopiga unapojisikia. Anataka azikwe kando ya Mama. Kila mwaka namwambia, piga simu, omba radhi, yaishe. Kila mwaka jibu ni moja. "Miye? Magoti? Mbele ya ule?" Sikio la kufa halisikii dawa. Kuna siku natamani kumshika mabega nimtikise.

Jumatatu, 10 Februari

Bwana ameshindwa. Aliwatembeza watu wake nchi nzima, kaskazini hadi kusini, katikati ya majira ya baridi, kwenda kuwasaidia Wahispania waliotua huko. Wakapigwa asubuhi moja, kwisha.

Mzee Cormac alinisimulia kana kwamba ni jana na mimi ndiye niliyepotosha njia.

Baba ndiye zaidi. "Mutu anaacha milima yake, anaenda kupigana kwa tambarare? Na baridi hii?" Akanionyesha dirishani, chini kwenye maegesho ya magari, kama vita vilipiganwa hapo. Hakula. Nimepasha maharage mara mbili kwa ajili ya mtu aliyekufa Ulaya enzi hizo.

Jumanne, 11 Februari

Leo Bwana kapiga magoti.

Alikwenda mbele ya naibu wa malkia wa Uingereza akapiga magoti karibu saa nzima, akimwomba malkia radhi. Akasamehewa, akaachiwa ardhi yake. Na malkia alikuwa amekufa siku sita kabla. Naibu alijua. Aliificha habari, akamwacha mtu mzima apige magoti kwa maiti. Bwana alipokuja kujua alilia mbele za watu. Akasema analilia malkia.

Mzee Cormac alipiga mkono wa kiti kwa ngumi. Nami nilikasirika, sifichi. Nikamwambia naibu huyo ni nguruwe. Mzee akafurahi kuliko siku zote nilizomfanyia kazi, akanitaka nirudie.

Jioni nilimsimulia Baba nusu. Alipiga magoti, akarudishiwa ardhi. Basi. Ya malkia nikayameza. Makusudi kabisa. Maneno yangu hayajamwingia miaka kumi na tisa, labda ya Mwayalandi yatamwingia.

Baba akauliza, "Saa nzima?"

Saa nzima, Baba.

"Na magoti haikumuuma?"

Nikasema kitabu hakisemi. Akaenda kusimama dirishani.

Alhamisi, 13 Februari

Nilikuwa kwenye basi la kurudi Bahati aliponipigia. Bahati ni mtoto wa Baba Mkubwa. Alikuwa analia.

Baba Mkubwa amefariki. Leo.

Bahati amenikataza nisimwambie Baba. "Dada, Muzee asisikie kwa simu. Na weye usimwambie peke yako." Najua. Msiba hauambiwi mtu kavukavu. Watu wazima wanakuja, wanaketi, wanaimba, wanaomba, ndipo anaambiwa, mikono ya watu ikiwa tayari kumshika. Nimempigia Mama Jeannette wa kanisani, ndiye anayepanga mambo haya. Mchungaji yuko Ottawa mpaka Jumapili. Kwa hiyo Jumapili. Siku tatu nitembee na uso wa kawaida.

Machozi hayajaja. Nina hasira tu. Ndugu wawili, tumbo moja, wakaidi kama punda wawili, na sasa mmoja kaondoka bila kusema neno. Baba atazikwa hapa, kwenye ardhi iliyoganda, na mimi nitaambiwa na kila mtu ni mapenzi ya Mungu.

Nimefika nyumbani. "Ule mwami alifika wapi?" Nikasema leo hatukusoma.

Ijumaa, 14 Februari

Nimezima intaneti kwenye simu ya Baba nikasingizia theluji. Analalamika hapati habari za nyumbani. Ameniomba nimtengenezee simu mara nne. Mara nne nimesema kesho.

Nimechoka na uongo kuliko kazi.

Jumamosi, 15 Februari

Naandika haraka, nisije nikajisahaulisha.

Baada ya chai Baba alitoka chumbani amevaa koti jeusi, lile la harusi na mazishi. Akaniambia nitandike mkeka sebuleni. Nikatandika. Nilidhani mgongo wake. Kisha akasema, "Nipige video."

Sikuelewa. Akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza karani. "Kama ule mwami wa Bazungu aliweza, na miye nitaweza. Tutumie kaka yangu."

Ningeweza kusema tungoje kesho. Ningeweza kusema simu yangu imekufa. Nilijiambia ni moyo wake, nikimwambia sasa ataanguka. Ni kweli, na si kweli yote. Nilitaka kuona. Miaka kumi na tisa nimeingoja siku hii, nami sikuwa na nguvu ya kuikataa hata ilipokuja imechelewa.

Nikashika simu. Baba akashika meza akashuka. Goti la kulia likaalika, nikalisikia. Makofi matatu. "Kaka. Nilikosa mbele yako. Watu walipoteza nyumba juu yangu. Nirudishe kwetu." Kichwa chini mpaka kwenye mkeka. Nywele zake zimekuwa chache nyuma, sikuwa najua.

"Tuma." Akakitazama kidole changu mpaka nikatuma. Kwa simu ya marehemu. Alama mbili. Tukakaa tunazitazama. Zikawa za bluu.

"Ameona!" Baba akasema, akaniita kwa jina langu. "Furaha, ameona!"

Ni Bahati aliyeona, bila shaka. Ameshika simu ya baba yake. Baba alicheka meno yote nje. Sijamwona hivyo tangu Mama alipokuwa hai.

Halafu hakuinuka. Nilipaswa kulijua hilo. Kaka yake hajamwambia asimame. Ameegemea ukuta, amenyoosha miguu, ananiomba chakula chini, chai chini, vidonge chini. Nimemsihi akae kwenye kiti, magoti hayo ni ya mzee, sakafu ni baridi. Akanitazama kama mtoto asiyefunzwa adabu. Anangoja simu. Kila simu ikilia kwa jirani anageuza kichwa.

Bahati ameniandikia maneno mawili. Umefanya nini.

Kabla ya kulala pale pale mkekani Baba akauliza, "Na ule malkia? Alisema nini akipata habari ya magoti?"

Nikasema bado hatujafika ukurasa huo.

Jumapili, 16 Februari

Walikuja saa nane mchana, watu sita, theluji kwenye kofia. Mpango ulikuwa wimbo mmoja, neno la Mungu, kisha Mchungaji aseme.

Haukufika hata kwenye wimbo. Mama Jeannette aliingia wa kwanza. Akamkuta Baba chini, kwenye mkeka, mgongo ukutani, koti jeusi. Kwetu mtu akikaa hivyo kafiwa. Akadhani nimeshamwambia. Akatupa mkoba, akaenda kujitupa pembeni yake, akamshika mkono. "Pole Muzee! Pole sana na kaka yako! Mungu amupokee!"

Siku tatu nimefikiria kila kitu. Viti, chai, vidonge vya moyo, nani akae upande gani. Mkeka sikuufikiria.

Baba alimtazama. Kisha akanitazama mimi. Hakuanguka, hakulia. Moyo wake niliouogopa ulitulia tuli. Aliuliza jambo moja tu. "Siku gani?"

Mchungaji akasema Alhamisi.

Baba akafungua vidole. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Akaviacha vitatu hivyo vimelala kwenye goti lake bovu.

"Furaha. Ulijua."

Nilijua, Baba.

Mama Jeannette akaziba mdomo. Watu wakaanza kuimba kwa sababu hawakujua la kufanya. Nikaenda jikoni kuhesabu vikombe vilivyokwisha kuhesabiwa.

Nimefungua nyuma humu nikasoma Jumanne. Nguruwe, niliandika, kwa mkono wangu. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Yule naibu angalau hakuwa mtoto wa mtu aliyepiga magoti.

Jumatatu, 17 Februari

Hasemi nami. Yuko chini.

Jumatano, 19 Februari

Bahati alipiga asubuhi kabla sijatoka. Ile video wameionyesha wazee matangani. Wamekaa kikao, wamekubali. Baba amesamehewa, mahali pake kando ya Mama pako wazi. Na Bahati ndiye mwami sasa, kiti ni chake. Nikaweka spika, nikapeleka simu chini mkekani. Bahati akasema kwa heshima zote, sauti bado ina makamasi ya msiba, "Baba mudogo, simama."

Baba hakusogea.

"Ule ni mutoto," akaniambia mimi, neno la kwanza tangu Jumapili. "Nilimubeba mugongo. Miye sikupigia kiti magoti. Nilipigia kaka yangu." Akavuta blanketi.

Nikapandisha sauti. Nikamwambia amepata alichokitaka, atazikwa kwao, watu wamekubali, anataka nini tena, atakaa sakafuni mpaka lini, mpaka yeye naye afe hapo na Mama Jeannette aje atuambie pole wote? Goti limevimba kama boga dogo. Nilitaka kulipaka dawa, akalifunika. Kila asubuhi nachua magoti ya Mwayalandi, ya baba yangu siruhusiwi kuyagusa.

Nimechelewa kazini. Mzee Cormac akauliza sababu, nikamwambia zote. Kitabu kilikaa mapajani mwake. Baadaye sana akauliza, na wewe umemwambia nini baba yako?

Nikasema nimemwambia mengi.

Akasema hapana, hayo ni makelele. Umemwambia nini?

Nikaenda kumpashia uji.

Ijumaa, 21 Februari

Lifti inafanya kazi. Nimefika mapema, bado kuna mwanga.

Baba chini, mahali pake. Nikaweka chai mezani. Nikavua koti, nikavua buti na soksi. Nikaenda mwisho wa mkeka nikapiga magoti.

Nikampa ile nusu nyingine. Kwamba malkia alikuwa amekufa siku sita. Kwamba naibu alijua, akaficha. Kwamba mimi nilijua haya tangu Jumanne ile nikayanyamazia ili apige magoti, na Alhamisi nikajua ya kaka yake nikanyamaza tena, na Jumamosi nikashika simu.

Akauliza, "Na ule naibu, aliomba radhi?"

Nikasema kitabu hakisemi.

Nikapiga makofi matatu. Nikainamisha kichwa hadi kwenye mkeka. Unanukia dawa ya kuchua na chai iliyomwagika. Nikangoja. Friji ikawaka, ikazima. Jirani akafungua mlango, akafunga. Sakafu ya nyumba hii ni ngumu kweli. Nina miaka arobaini na moja na magoti yalianza kuniuma mapema kuliko nilivyotegemea.

Kisha mkono wake kwenye kiwiko changu. Akavuta. Sikuinuka, hakuwa na nguvu, mtu aliyeketi hawezi kumwinua mtu. Akavuta tena. Akaniachia. Nikamsikia anasonya, anasema kitu kwa kilugha chetu ambacho hakisemwi mbele ya Mchungaji. Akashika meza. Goti likaalika. Nikaona nyayo zake mbele ya uso wangu, zimesimama, zimevimba, soksi moja ya bluu na moja nyeusi.

Akanishika kiwiko tena.

"Simama, Furaha."

Nikasimama. Akakaa kwenye kiti chake. Akanyoosha mguu ule mbaya, nikaufuata na dawa, hakuufunika. Chai ilikuwa imepoa. Nikaenda kuipasha.